Maganda ya Mayai Misugusugu

Pwani ina miti miwili ya Krismasi. Wa kwanza haupambwi na mtu. Ni ule mti wenye asili ya kisiwa cha Bukini, uliopandwa kandokando ya barabara na nyua za shule, ambao ifikapo Novemba na Desemba hupukutisha kijani chake na kuvaa maua mekundu toka shina hadi kilele, hata watu wengi wakaupa jina la sikukuu yenyewe: mkrismasi. Wa pili ni mvinje. Huu hauna ua la kujivunia. Majani yake ni kama nyuzi, sauti yake upepo upitapo ni ya mtu anayenong'ona mbali, na matunda yake ni vijikoni vigumu visivyoliwa hata na ndege. Lakini ndio ukatwao tawi, ukasimamishwa ndani ya kopo la mchanga pembeni mwa sebule, na watu wakautundikia kile walicho nacho.

Wa kwanza ni neema ya msimu. Wa pili ni kazi ya mikono, na kazi ya mikono huuliza swali ambalo neema haiulizi: una nini cha kutundika?

Swali hilo liliulizwa katika nyumba moja ya Misugusugu, mapema katika mwezi wa Desemba, na aliyeuliza alikuwa mtoto wa kike wa miaka 11.

Misugusugu ipo katika mji wa Kibaha, kando ya barabara kuu ya Morogoro, baina ya Maili Moja na Mlandizi. Msafiri atokaye Dar es Salaam kwa basi aghalabu huipita akiwa amesinzia. Aijuaye vyema ni mtu wa malori. Hapo pana kituo cha ukaguzi wa mizigo ipitayo kwenda nchi za jirani, na kwa sababu hiyo malori ya Zambia, ya Kongo, ya Rwanda na ya Burundi yamezoea kusimama hapo kwa foleni, injini zikikoroma na turubai zikipigapiga upepo. Panaposimama lori ndipo panapoota kibanda. Mama wa mtoto huyu ana kibanda chake: meza, jiko la mkaa, karai la mafuta, ndoo ya viazi, na trei za mayai zilizopangwa moja juu ya nyingine. Tangu magharibi hadi karibu na usiku wa manane hukaanga chipsi mayai kwa madereva na mautingo. Mumewe ni mlinzi wa usiku. Wao ni watu wa bara, Wakristo, waliohamia Pwani wakiwa vijana na wakakaa kati ya Wazaramo hata wakazoea kusema kwao ni Misugusugu.

Walikuwa na mtoto mwingine, wa kwanza, mwanamume. Alikuwa utingo. Kila Desemba, lori lake lilipokuwa likipakia Dar es Salaam, alifika Kariakoo akanunua mfuko wa mapambo: mipira ya plastiki ya dhahabu na nyekundu, nyuzi za kumetameta, nyota ya karatasi ngumu. Sikukuu ikiisha alivikusanya mwenyewe ndani ya boksi la katoni, akalifunga kwa kamba ya mkonge, akaliweka juu ya kabati. Mwezi Machi wa mwaka uliotangulia lori lake lilipata ajali mbali na nyumbani, na aliyerudi alirudi ndani ya sanduku. Boksi la katoni lilibaki juu ya kabati na fundo lake.

Krismasi iliyofuata haikupambwa. Hakuna aliyeshangaa, msiba ulikuwa bado mbichi. Lakini Desemba ya pili mtoto alisimama karibu na meza ya viazi akauliza:

"Mama, mwaka huu tutapamba?"

"Hatupambi. Hela haipo."

"Sikuombi hela, mama. Naomba maganda."

Mama alitazama chini ya meza. Humo ndani ya ndoo yalikuwamo maganda ya jana na ya leo, yaliyovunjwa vipande viwili viwili, meupe na ya rangi ya kahawia hafifu, yakisubiri kumwagwa. Hakujibu, na mtoto akachukua kutojibu kule kuwa ruhusa, kama watoto wafanyavyo.

Wako watakaodhani kwamba pambo la ganda la yai ni pambo la kukosa, kivuli cha kile kiuzwacho dukani. Historia haisemi hivyo. Ile mipira ya kioo ing'aayo, ambayo ya plastiki ya Kariakoo ni wajukuu zake, ilianzia katika Lauscha, kijiji cha wafua kioo kwenye milima ya Thuringia nchini Ujerumani, katika karne ya 19. Inasimuliwa kwamba wakati ule watu walitundika matofaa na njugu halisi kwenye miti yao, na kwamba fundi mmoja maskini, kwa kukosa hata matofaa, alipuliza kioo kikawa na umbo la tunda. Kama hadithi hiyo ni ya kweli au ni ya kupendeza tu, kijiji kile kiliishi kwa kazi hiyo: baba alipuliza, mama na watoto wakapaka rangi, yote ikifanyika nyumbani. Pambo la dukani, basi, ni mtoto wa dhiki aliyetajirika akasahau kwao.

Kutoka katika nchi hiyohiyo ya Wajerumani ndiko walikotoka wamisionari wa Kilutheri waliofungua vituo vyao Uzaramo, Kisarawe mwaka 1892 na Maneromango mwaka 1895. Kabla yao mapadri Wakatoliki walikwisha kupiga kambi Bagamoyo tangu 1868. Na Unguja, wasomaji wa visiwani hawahitaji kukumbushwa, jiwe la msingi la kanisa la Mkunazini liliwekwa siku ya Krismasi ya mwaka 1873, miezi michache tu baada ya kufungwa kwa soko la watumwa lililokuwa mahali hapo. Sikukuu hii, kwa hiyo, si mgeni wa jana Pwani. Imekaa nasi muda wa kutosha kujifunza kuvaa nguo zetu. Kwa nini isivae mvinje badala ya msonobari, na ganda badala ya kioo?

Mtoto wa Misugusugu hakuyajua hayo. Alichojua ni kwamba ganda lililovunjwa vipande viwili halitundikiki. Akamwomba mama atoboe mayai kwa sindano, juu na chini, kisha apulize mpaka ute na kiini vitoke. Mama akakataa katakata. Mayai ya wateja, alisema, hayapulizwi kwa mdomo wa mtu. Dereva akisikia hatarudi, na akirudi atakuja na wenzake kugomba. Wakaafikiana hivi: mayai ya kula nyumbani, machache, yatapulizwa, ya kibandani yatagongwa taratibu upande wa ncha, pafunguke tundu la ukubwa wa kizibo cha soda, yai limwagwe kwenye bakuli na ganda libaki zima. La kwanza likining'inizwa huwa tunda. La pili, likigeuzwa kinywa chini, huwa kengele.

Yai la kupulizwa lina adabu yake. Shimo la juu liwe dogo kama jicho la sindano. La chini liwe pana kidogo. Kiini hupasuliwa kwanza kwa kutikisa sindano ndani, la sivyo huziba mlango na mtu hupuliza mpaka masikio yakavuma. Likishatoka lote, ganda hutiwa maji, hutikiswa, humwagwa, mara tatu. Mtoto, kwa haraka ya siku ya kwanza, alisuuza mara moja tu. Asubuhi alikuta mstari wa sisimizi ukipanda mguu wa meza, ukizunguka trei, ukiingia kwenye kila tundu na kutoka na shibe. Maganda sita yalinuka kiasi cha kutupwa. Tangu siku hiyo alisuuza mara tatu, akayaanika kivulini, kinywa chini, juu ya ungo, siku mbili nzima.

Rangi ilikuwa mashaka ya pili. Karibu na kibanda hufanya kazi fundi wa maandishi, yule achoraye misemo nyuma ya malori na namba kwenye milango. Makopo yake yakibaki na rangi ya kidole kimoja hivi chini, huyafunika akayatupa kando. Mtoto alipewa matatu: nyekundu, nyeusi na kijani. Hii ni rangi ya mafuta, yenye kung'aa na kukauka upesi, na ina nasaba yake katika sanaa ya nchi hii. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa upande wa Tunduru, alipoanza kuchora Oysterbay, Dar es Salaam, mwaka 1968, hakuwa na rangi za wachoraji wa vyuoni. Alitwaa rangi za mafuta za madukani, za kupaka baiskeli, na vipande vya mbao laini za kujengea. Alifariki mwaka 1972, baada ya miaka minne tu ya kazi, lakini mkono wake haukufa: leo huwezi kupita vichochoro vya Mji Mkongwe bila kukutana na chui na ndege walioshuka kutoka kwake. Uwezo wa sanaa ile haukuwa katika kopo. Ulikuwa katika kuliona kopo.

Kwa ganda la yai, hata hivyo, rangi tatu hazitoshi, na rangi ya mafuta ni nzito. Ikimwagwa kwa wingi hujikusanya chini na kufanya tone lisilokauka. Ikabidi patafutwe nyingine nyepesi. Hapo ndipo bibi jirani anapoingia.

Bibi huyu ni Mzaramo, Mwislamu, mwenye umri mkubwa kuliko yeyote katika mtaa. Nyumba yake na ya wale wa bara hutenganishwa na ua wa makuti na mwembe mmoja ambao hakuna ajuaye ni wa nani. Alasiri moja alipita akamkuta mtoto ameinamia ungo wake, machozi yakimtoka. Mtoto alikuwa amepaka maganda yote chokaa ili yawe meupe sawasawa, kisha akakoroga manjano ya jikoni kwa maji akapaka juu yake. Alitaka nyota za dhahabu. Akapata madoa mekundu kama ya kidonda.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Unalilia nini?"

Mtoto akaonyesha. Bibi akacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyekwisha kuyaona.

"Hujapata kumwagikiwa mchuzi wenye manjano kwenye nguo? Ukiifua kwa sabuni doa hugeuka jekundu. Manjano hayapatani na sabuni, wala na majivu, wala na chokaa. Hapo hukukosea kupaka, umekosea kuoanisha."

Akarudi nyumbani kwake, akaja na bonge la udongo mweupe lililofungwa katika kitambaa, udongo wa aina ile ipatikanayo katika vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe, mweupe na laini kama unga wa muhogo. Akautwanga, akauchekecha kwa kitambaa cha kanga kuukuu, akauchanganya na uji mwepesi wa wanga wa muhogo uliopoa. Uji ule ndio gundi: ukiwa mzito mno ganda hupata magamba, ukiwa mwepesi mno udongo hupukutika kama poda. Ulipokauka, ganda lilikuwa jeupe bila kumeta, tayari kupokea. Na manjano yaliyopakwa juu yake yalikaa manjano.

Baada ya hapo bibi hakurudi nyuma. Alileta mbegu za mzingifuri, ambazo watu wa mashamba ya viungo ya Unguja huwaonyesha wageni kwa kuwapaka midomoni. Zikisuguliwa na matone ya mafuta ya nazi hutoa rangi ya machungwa iliyoiva. Alileta hina iliyobaki harusini, ikatoa kahawia. Masizi ya chini ya sufuria yakatoa weusi usio na mng'ao. Buluu ikatoka kwenye kile kidonge cha kufulia nguo nyeupe. Brashi zilikuwa mbili: unyoya wa kuku kwa maeneo mapana, na kijiti cha mswaki kilichotafunwa ncha kwa mistari. Alionya jambo moja tu: manjano na mzingifuri ni rangi za kivulini. Zikiachwa kwenye jua la dirishani hufifia kabla ya Mwaka Mpya.

Mama, akimenya viazi, alimwuliza bibi kwa upole kama kazi ile haimsumbui, kwa kuwa si sikukuu yake.

"Mwanangu," bibi alisema, "mimi Krismasi sina, lakini macho ninayo. Mtoto akiomba rangi anaomba rangi. Na Idd ikija si mnakula kwangu?"

Na kweli walikuwa wakila kwake. Idd sinia la pilau lilivuka ua wa makuti kwenda upande mmoja, Krismasi likavuka kurudi, na hakuna aliyekuwa na kumbukumbu ya nani alianza. Mambo ya namna hii hayaandikwi popote, kwa kuwa wanaoyatenda hawaoni kama ni mambo.

Bibi ni katika kizazi kilichokua na mashairi yaliyosomwa katika Radio Tanzania, wakati redio moja ilisikilizwa na mtaa mzima. Husema beti kama wengine wasemavyo methali, hutunga papo hapo, na hasikii haya kinapomkosea kina. Siku ile, akimwangalia mtoto akikaza mkono ili mstari usipinde, alisema huu, na mtoto akauandika nyuma ya daftari lake la hisabati:

Ganda la yai jepesi, ndani hamna kiini,
Lichore bila upesi, lisipasuke chanoni,
Mwenye dhiki na mkwasi, watalipenda mtini,
Na moyo nao, nahisi, hupambwa u mashakani.

Mama aliusikia ubeti ule kutoka jikoni. Kisu chake kilisimama kwenye kiazi kitambo kidogo, kisha kikaendelea.

Ilipofika wiki ya Krismasi ungo ulikuwa umejaa. Palikuwa na kengele zenye mistari ya buluu, matunda yenye madoa ya machungwa, samaki wawili, jogoo mmoja aliyekusudiwa kuwa malaika, na nyota nyingi za manjano. Vizibo vya soda vilivyopondwa kwa jiwe vikapakwa nyekundu ya fundi wa maandishi. Maganda marefu ya mkrismasi, yale magumu yanayolia kama kayamba mbegu zikikauka ndani, yakapigwa pete nyeupe za udongo wa bibi. Gharama yote, ukiondoa mayai ambayo yangeliwa hata hivyo, haikufika bei ya chupa mbili za soda.

Chini ya ungo, limefichwa ndani ya kikombe, palikuwa na yai moja ambalo mtoto hakumwonyesha mtu. Alilichora usiku, mama akiwa kibandani na baba lindoni. Mama alilikuta alipokuwa akitafuta kikombe cha kupimia mafuta. Lilipakwa nyeupe, na kuzunguka tumbo lake pana palichorwa barabara nyeusi, na juu ya barabara lori jekundu lenye tela na turubai la kijani. Kwenye mlango wa abiria, pale anapokaa utingo, palikuwa na kichwa kidogo cha mtu, bila macho wala mdomo, kimetoka nje ya dirisha.

Hakusema neno jioni ile. Alikwenda kibandani, akakaanga, akapokea hela, akarudisha chenji. Malori yalisimama na kuondoka. Utingo mmoja kijana alilalamika kwamba chipsi zake hazina chumvi, na kwa hakika hazikuwa nayo.

Aliporudi, saa saba usiku, mtoto alikuwa macho, amekaa kitandani na hofu. Alijua limekutwa. Mama akakaa kando yake, lile yai mkononi, akaligeuza kuelekea mwanga wa taa.

"Umekosea," alisema.

Mtoto akanyamaza.

"Magurudumu umechora manne. Lori lake lilikuwa na tela la ekseli tatu. Ukisimama upande mmoja unaona sita. Moja mbele, mawili chini ya kichwa, matatu nyuma. Alikuwa akiyafunga na kuyafungua hayo kwa mikono yake, hawezi kusafiri na manne."

Wakawasha jiko kwa ajili ya chai, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na usingizi, na mtoto akatafuna upya ncha ya mswaki wake. Nafasi ya magurudumu mawili ilikuwa finyu. Mama akalishika yai kwa vidole vitatu, kama alivyolishika la kwanza aliposaidia kutoboa, na mtoto akaongeza la tano, na la sita.

Kesho yake mama alipanda juu ya kiti akateremsha boksi la katoni. Alijaribu kufungua fundo, likakataa. Si kwamba lilikazwa sana. Lilikuwa fundo la namna asiyoijua, lenye mizunguko iliyojificha ndani ya mizunguko. Mumewe akapendekeza kisu. Akakataa kisu kama alivyokataa kupuliza mayai ya wateja. Jioni akalichukua boksi hadi kibandani, akaliweka juu ya benchi, na alipokuja utingo mmoja wa makamo, mteja wa siku nyingi, akamwuliza kama anajua kufungua kitu kile.

Yule bwana aliliangalia mara moja tu. Akaacha sahani yake.

"Hili fundo la turubai, mama. Huwezi kulifungua kwa kulipekua. Unavuta mwisho huu hapa."

Akavuta. Kamba yote ikalegea mara moja, ikaanguka juu ya benchi kana kwamba haikuwahi kufunga chochote. Mama akaiokota.

"Nionyeshe tena linavyofungwa," alisema.

Akaonyeshwa. Akakosea. Akaonyeshwa mara ya pili, polepole, viazi vikiungua ndani ya karai na wateja wawili wakisubiri bila kunung'unika, kwa kuwa nao walikuwa watu wa turubai na walielewa kwamba fundo halifundishwi kwa haraka. Mara ya tatu likakaa.

Mkesha wa Krismasi tawi la mvinje lilisimama ndani ya kopo la mchanga. Boksi lilipofunguliwa, mipira mingi ya plastiki ilikutwa imebabuka, dhahabu yake imebaki kama magamba kwenye ubavu mmoja, na nyuzi za kumetameta zilishikamana kwa joto la miaka miwili chini ya bati. Nyota ya karatasi ilikuwa nzima. Ikawekwa juu. Mipira mitatu iliyofaa ikatundikwa kati ya maganda, na anayeingia mlangoni hangeweza kutambua kwa haraka ipi ni ya duka na ipi ni ya ungo. Yai la lori lilipata tawi la upande wa ukuta, mbali na dirisha, kwa ajili ya rangi zake.

Bibi jirani alikuja na wajukuu wake wanne. Alisalimiwa, akakaribishwa kiti, akauzunguka mti taratibu akiwa ameweka mikono nyuma. Alisimama mbele ya jogoo-malaika akacheka. Alisimama mbele ya yai la lori hakucheka. Akahesabu kwa kidole, bila kuligusa, midomo ikisogea: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Kisha akaomba maji ya kunywa.

Mapambo ya maganda yana tabu moja ambayo ya plastiki hayana: hayatunziki ovyo. Ilipopita tarehe sita ya Januari mtoto alileta trei tupu za kibandani, na kila ganda likarudi katika shimo la aina ile lililotoka, limezungukwa na pumba za mpunga. Mawili yalipasuka katika kuteremshwa, na jogoo akapoteza bawa. Trei zikawekwa ndani ya boksi la katoni, juu ya mipira ya zamani. Mama akaichukua kamba ya mkonge, akaizungusha mara mbili, akapitisha mwisho mmoja chini ya mwingine, akakaza. Akalitazama. Akavuta ncha kwa majaribio. Kamba ikaanguka yote. Akafunga tena, akalipandisha boksi juu ya kabati, akaenda kumenya viazi.